Usiipuuze SCAR-L

Vijana wengi ninaocheza nao mchezo wa simu wa PUBG Mobile hapa Muhoroni hawataki kusikia habari za bunduki ya SCAR-L. Wakiikuta sakafuni wanairuka, waende kuitafuta M416 huku adui anawamiminia risasi. Nasema wanakosea.

Bunduki hizi zinakaribiana mno. Zote zinatumia risasi za 5.56, kila moja inabeba 30, na madhara ya risasi moja hayapishani kwa kitu cha maana. M416 hufyatua haraka zaidi, tena inapokea kitako cha ziada ambacho SCAR-L haikubali. Ikishapata kitako, kishikio cha mbele na kifaa cha mdomo wa mtutu, sibishi, M416 ni bora. Lakini nani huvipata vyote hivyo mwanzoni, watu 100 wakigombania kisiwa cha Erangel? Zikiwa tupu bila vifaa hivyo, SCAR-L ndiyo hutulia mkononi.

Na sisi tunachezea simu za bei nafuu, kioo kimepasuka pembeni, kidole kinateleza kwa jasho la joto la bonde la Nyando. Bando likizubaa kidogo, bunduki ya kasi inamaliza risasi ukutani. Linaloniuma ni kuona watoto wetu wakiiga video za mabingwa wenye simu ghali, kisha wakivunjika moyo.

Ndugu zangu wa Muhoroni, Chemelil na Koru, mkitua chukueni SCAR-L mliyoikuta, piganeni nayo. M416 itafuteni mkishapata vifaa vyake.