Turubai la London ni sanaa, turubai la Nyarugusu ni uchafu?

Wadau wa Insta mnamjua. Mtoto wa Kahama kabisa, sasa hivi ana wafuasi wa kutosha kuwauzia hata maji ya bomba. Jina linahifadhiwa. Juzi kati alikuwa London, akaposti mfululizo: yeye na kikombe cha kahawa ndani ya banda la mbao, yeye chini ya turubai jeupe na sahani yenye vipande vitatu vya samaki, yeye ameegemea nguzo. Chini ya picha kaandika eti huku watu wanajua ubunifu, Bongo bado sana. Komenti zikamiminika: umetisha dada, tuletee na sisi.

Mwezi haujaisha, yuko barabara ya Geita ndani ya gari la vioo vyeusi, anarekodi vibanda vya mama lishe vikibomolewa. "Safi sana, mji upendeze."

Hapo sasa.

Tuanze na hilo banda la mbao. Pale bustani ya Kensington, jumba la sanaa la Serpentine hujenga banda la msimu karibu kila mwaka tangu 2000. Mbunifu anapewa kazi, watu wanakaa humo na kahawa zao miezi kadhaa, kisha linang'olewa. Mwaka 2017 kazi ilikwenda kwa Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alipeleka nini London? Mti. Ule mti wa kijijini ambao watu hukaa chini yake kupiga stori. Akajenga paa kubwa la mbao mithili ya matawi, katikati akaacha uwazi ili mvua ikinyesha maji yaporomoke watu wakiyaangalia, na kuta akazifanya za bluu, rangi ya nguo anayovaa kijana wa kwao siku ya maana. Mwaka 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kwa hiyo huo "ubunifu wa Ulaya", mwaka ule ulikuwa kivuli cha mti wa Gando. Miembe ya Mwakitolyo inafanya kazi hiyo hiyo kila mchana na hakuna anayeiposti.

Na hicho chakula cha chini ya turubai nacho si kigeni. Tetesi za dhahabu zikisikika, iwe Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, siku chache tu pori linageuka mji, na mama lishe hawachelewi. Mirunda inachimbiwa, turubai linavutwa, pembeni viroba vilivyochanwa, benchi la mabanzi, mafiga matatu. Angalia vizuri. Jiko linakaa upande ambao upepo hautapeleka moshi kwa mteja. Turubai linainamishwa ili mvua ikija maji yaingie kwenye ndoo, maana maji ya kwenye rashi ni ya kununua. Benchi linatazama duara, ili mchimbaji ale huku jicho liko kwenye viroba vyake vya mawe. Dhahabu ikikata, banda linakunjwa, linapandishwa kwenye Fuso, linafunguliwa kwingine. Ulaya hiyo ndiyo habari ya mjini, watu wanakata tiketi mtandaoni.

Sahani je? Ugali wa moto na dagaa wa Ziwa Victoria, nsansa iliyoungwa karanga, asubuhi matobolwa na chai. Kuna wapishi wa Ulaya wanaosifiwa kwa kukausha na kuhifadhi mboga za msimu. Msukuma anaanika viazi na majani ya kunde juani miaka nenda rudi, hajapewa nyota hata moja.

Shinyanga ina historia na mchezo huu. Almasi ya waridi iliyochimbwa Mwadui ilitolewa zawadi kwa Elizabeth mwaka wa harusi yake, 1947, ikakatwa London, na mwaka 1953 Cartier wakaitia kwenye bruchi yenye umbo la ua. Jiwe la Mwadui, sifa ya ubunifu kwa wengine.

Kuna watakaosema vibanda havina vyoo, kipindupindu je? Kweli kabisa. Ndiyo maana mtu aliyekwenda London angeleta habari ya vyoo, maji, ukaguzi wa moto, na karatasi inayosema banda linaanza lini na kuondoka lini. Banda la Kensington linang'olewa kwa tarehe inayojulikana. La mama lishe linang'olewa sufuria ikiwa jikoni, wakati ushuru wa siku ameshalipa. Yeye kaona maua na viti, basi.

Sasa tetesi mpya. Mrembo huyo huyo anaandaa chakula cha usiku mmoja hotelini Mwanza, na mada, shikilia kiti, ni mgodini. Kiti kimoja laki moja na nusu. Mapambo ni turubai, mirunda na mafiga matatu. Mpishi anatoka Dar. Wanawake wanaojua kupika na kujenga hivyo vitu wako Nyarugusu, saa mbili na ushee kwa gari, wana simu na wanapokea kwa M-Pesa. Hakuna aliyepigiwa.