MCHANGA WOTE SI MMOJA



Bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, lapita katika mkoa wetu wa Singida na kushuka mpaka Chongoleani, Tanga, safari ya kilometa 1,443. Huko mwisho ni mahali pa kupakia mafuta melini kwenye gati. Magati ya namna hiyo husimama juu ya nguzo za chuma zilizopigiliwa chini ya bahari. Vijana wetu wengi huenda pwani kutafuta kazi za ujenzi. Basi yafaa nasi tujue: ni nini kinachozishika nguzo zisizame?

Mara nyingi ni mchanga. Lakini mchanga upi?

Mchanga wa makorongo yetu umetoka katika mawe haya makubwa unayoyaona kila upande wa mji wa Singida. Punje zake nyingi ni ngumu hata zaweza kukwaruza kioo. Lakini mchanga wa karibu na matumbawe ni vipande vya matumbawe yenyewe na vya makombe ya baharini. Punje nyingi zina matundu ndani, nazo ni chokaa, kitu kile kile kilichomo katika ganda la yai la kuku wako.

Jaribu hivi. Twaa makopo mawili. Moja jaza changarawe, la pili maganda ya mayai yaliyovunjwavunjwa. Weka ndani ya kila moja kibao kidogo, ukibonyeze kwa kidole. Yote mawili yatakaza. Sasa weka jiwe zito juu ya kila kibao. Changarawe itatulia. Maganda yatalia, na kibao kitashuka.

Hapo ndipo penye hatari. Mchanga wa matumbawe ukiukanyaga, wakubeba vizuri kabisa, maana punje zake zina ncha na hushikana. Mzigo ukizidi, punje huvunjika na mchanga husinyaa. Nguzo ikigongwa humo, mchanga wa ubavuni husagika, ukaacha kuibana.

Mwaka 1982, katika bahari ya Australia, nguzo za jukwaa la gesi liitwalo North Rankin A zilizama kwa wepesi ambao wahandisi hawakuutazamia. Kuitengeneza kazi hiyo kuligharimu fedha nyingi mno. Siku hizi, penye mchanga wa namna hiyo, mara nyingi hutoboa shimo kwanza, wakaingiza nguzo, kisha wakajaza saruji ya majimaji pembeni ili ishike.

Mtu atauliza: Yatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari? Yakuhusu siku mwanao atakapojenga pwani, na fundi akamwambia, “Mchanga ni mchanga tu.” Mwambie adondoshee ndimu. Mchanga wa chokaa utatoa povu. Wa kwetu utanyamaza. Kwa nyumba ndogo ya chini huenda lisiwe neno. Kwa ghorofa au daraja, udongo upimwe na wenye ujuzi.

Na hapa nyumbani je? Mchanga wetu mgumu nao, ukimwagwa ovyo chini ya sakafu, hushuka, kwa kuwa punje hujipanga upya. Umwagie maji na kuushindilia tabaka kwa tabaka.

Kabla ya kulaza jiwe la kwanza, chimba, shika, uliza. Asiyeiuliza ardhi mapema hujibiwa na ufa ukutani.