Je, Chakula Ndicho Kiletacho Utajiri?

Wako watu wasemao kwamba taifa hutajirika kwa chakula chake: walao nyama na ngano huwa matajiri, na walao mtama na mihogo hubaki maskini. Mimi siyakubali maneno hayo, na sababu yangu naitoa Japani.

Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu Wajapani wengi hawakuwa na desturi ya kula nyama ya ng'ombe. Lakini walipoziona meli za Wazungu na mizinga yao, baadhi ya wakubwa wao walidhani kwamba nguvu zile zatoka katika nyama na maziwa. Basi mwaka 1872 habari zikaenea kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe, na watu wakastaajabu sana.

Je, nyama hiyo ndiyo iliyowatajirisha? Mwaka uo huo serikali iliagiza watoto wote, wavulana kwa wasichana, wapelekwe shule. Reli ya kwanza ikafunguliwa kati ya Tokyo na Yokohama. Na kiwanda kikubwa cha hariri kikaanza kazi huko Tomioka. Hariri iliuzwa ng'ambo, na fedha yake ikasaidia kununua mashine. Wakulima waliofuga viwavi vya hariri hawakushiba nyama. Chakula chao kilikuwa nafaka, mboga, na samaki kidogo.

Tena sikilizeni habari za mchele. Mchele mweupe, uliokobolewa sana, ulikuwa chakula cha heshima, na kijana maskini alifurahi kuupata kila siku katika manowari. Mwaka 1882 manowari Ryujo ilianza safari ndefu. Katika watu wake 376, watu 169 walishikwa na beriberi, ugonjwa uvimbishao miguu na kudhoofisha moyo, na 25 wakafa. Daktari Takaki Kanehiro alishuku chakula. Mwaka 1884 manowari Tsukuba ikafuata njia ile ile, mabaharia wakila wali kidogo, na nyama, maziwa na mikate zaidi. Wagonjwa walikuwa 14 tu, wala hapana aliyekufa.

Najua mtasema, "Kumbe nyama ina nguvu!" Ngojeni kwanza. Mwaka uliofuata mabaharia walianza kupewa mchele uliochanganywa na shayiri, chakula cha watu wa shamba, na muda si muda beriberi ikakaribia kutoweka katika manowari zao. Baadaye wataalamu waligundua kwamba vitamini izuiayo ugonjwa huo imo katika pumba, nazo ndizo zilizokuwa zikitupwa.

Nakiri kwamba mgonjwa hawezi kufanya kazi, na kwa njia hiyo chakula kibaya hulirudisha taifa nyuma. Lakini kula kama tajiri ni jambo jingine. Hata kwetu yuko mtoto aonaye haya kula ugali wa dona mbele ya mwenziwe mwenye ugali mweupe wa sembe. Pumba zilizotolewa katika sembe ile hupewa kuku, nao hunenepa.