Meli ikitia nanga, nani ashike saa ya mgeni?

KIRIRI, Bujumbura. Kutoka kilima cha Kiriri mgeni huliona jiji likiteremka hadi bandarini, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Kongo. Jirani, upande wa Vugizo, ndipo alipozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 13, 1961. Ziara za huku juu ni za binafsi: mgeni na dereva wamepatana bei, wameondoka walipotaka, watarudi watakapochoka. Hakuna meli inayowasubiri chini.

Huenda isiwe hivyo daima. Tanzania imeamua kuikarabati MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo, kabla ya vita vya miaka ya 1990, ilikuwa ikifika hadi Bujumbura. Watalii wakianza kushuka tena katika bandari hii, watakutana na swali ambalo wenzao wanaoteremka Mombasa na Zanzibar wamelizoea: wanunue ziara inayouzwa ndani ya meli, au wapatane na mwenyeji nje ya geti?

Wengi hulijibu kwa kulinganisha bei, na kwa bei mwenyeji hushinda. Kampuni ya meli haina mabasi Mombasa. Huiajiri kampuni ya utalii ya hapo hapo, huongeza faida yake juu, kisha humuuzia abiria. Watu wanne wakichangia gari moja la mwenyeji, mara nyingi kila mmoja hulipa pungufu, husimama wanapopenda, na fedha hubaki mjini.

Lakini kinachouzwa melini si basi tu. Ni saa. Basi la ziara ya meli likichelewa, kwa kawaida meli husubiri, au kampuni hubeba gharama ya kumfikisha abiria bandari inayofuata. Aliyekwenda kivyake hana ahadi hiyo.

Machi 2024 jambo hilo lilionekana wazi katika kisiwa cha São Tomé, Afrika ya Kati. Abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn, Wamarekani na Waaustralia, walikuwa katika ziara ya binafsi na wakachelewa kwa zaidi ya saa moja. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti hadi ilipo meli, ambayo ilikuwa bado imetia nanga, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Kampuni ilisema kurudi kwa wakati ni wajibu wa abiria mwenyewe. Wakaanza kuifukuza meli kwa ndege. Walipofika Gambia, meli ikashindwa kutia nanga Banjul kwa sababu ya hali ya bahari. Waliipata Dakar, Senegal.

Kisa hicho kimekuwa silaha ya wauzaji wa ziara za melini, na kwa haki kiasi. Ila hakiwahusu abiria wote sawa. Zanzibar, anayeshuka bandari ya Malindi hufika Ngome Kongwe na Forodhani kwa miguu. Kumlipa mtu akulinde na saa katika safari hiyo ni kununua mwavuli ndani ya nyumba. Mombasa pia, Fort Jesus iko kisiwani, upande ule ule wa bandari. Anayetaka Diani ni mwingine: akipitia kivuko cha Likoni, foleni ya Likoni haina ratiba. Anayetaka Tsavo Mashariki na kurudi siku hiyo hiyo atagawana barabara na malori ya mizigo. Huyo anayo sababu ya kulipia basi la meli.

Kwa kipimo hicho, Kiriri ingekuwa mali ya madereva wa Bujumbura. Ni mwendo mfupi kutoka bandarini, hauvuki mto wala mpaka. Mnara wa Livingstone na Stanley kule Mugere, kusini mwa jiji, nao si mbali. Ngoma za Gishora ndizo zenye mashaka, kwa kuwa ziko karibu na Gitega, takriban kilomita 100 za milima.

Hata hivyo Bujumbura ina mitego yake. Wa kwanza ni mafuta. Miaka ya karibuni magari yamelala kwenye foleni za vituo, na dereva aliyeahidi saa tatu asubuhi anaweza kuwa bado anasubiri lita zake saa tano. Wa pili ni mdogo, na kwa hiyo ni mbaya zaidi: Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Meli inayotoka Kigoma ikibaki na saa za Tanzania, na simu ya mgeni ikajigeuza kufuata za Burundi, mgeni atarudi gatini akiwa ametulia kabisa, akiwa amechelewa saa nzima.

Na kuachwa hapa kuna gharama. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Burundi na Tanzania, nchi mbili ambazo meli kama hiyo ingeziunganisha, hazimo.

Kwa hiyo madereva wa jiji wakitaka kushindana na basi la meli, kupunguza bei hakutawafikisha mbali. Wanachokosa ni ahadi iliyoandikwa: saa ya kurudi kwa saa za meli, gari la akiba lenye mafuta, na mfuko wa pamoja wa kumlipia mgeni njia ya Kigoma endapo kosa ni lao. Dereva mmoja hawezi kuubeba mzigo huo. Chama chao kinaweza, iwapo mamlaka ya bandari itakiruhusu kuwa na meza ndani ya geti, na si nje yake.