Tahadhari: Fungueni Sanduku Kabla Mtoto Hajaja

Katika nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, mzazi akikaribia kujifungua, sanduku hufunguliwa. Bibi hutoa winda, kanga laini na blanketi lililolaza wajukuu waliotangulia, na harufu kali hujaa chumbani. Wengi huiona ni harufu ya usafi. Ni nafthalini, ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, na kichanga yaweza kumuua.

Mvuke wake huingia puani na kwenye ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta hunyonya zaidi. Ukifika damuni huvunja chembe nyekundu. Mtoto hugeuka manjano, na manjano yakizidi huharibu ubongo. Akinusurika, huenda akabaki kiziwi. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika habari za vichanga 21 waliodhurika hivyo.

Sisi wa Pwani tuna la kuogopa zaidi. Wengi wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaofanya chembe hizo zivunjike upesi zaidi, na ambao huambatana na kinga fulani dhidi ya malaria. Uchunguzi Kilifi umeukuta kwa karibu mvulana mmoja kati ya watano. Haujulikani kwa kumtazama mtoto. Ndiyo maana hina nayo, inayoweza kuzivunja chembe hizo vilevile, isimguse kichanga, hata somo wa mzazi akisisitiza.

Basi vidonge vitoke leo: kabatini, chooni, chini ya godoro. Nguo zifuliwe, zianikwe darini siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Nguo isiyoisha harufu, itupwe. Na msizifukize udi mkadhani mmemaliza. Udi huificha harufu tu, sumu imo palepale.

Akishazaliwa, mtazameni macho, ufizi na nyayo mchana, barazani au dirishani, kwani vyumba vyetu vina giza na taa hudanganya. Manjano ya siku ya kwanza, mkojo wa rangi ya chai kavu, kulegea, kukataa ziwa: hapo hakuna cha kungoja arubaini, wala cha kumwotesha jua la asubuhi. Mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani, iko humu humu kisiwani, hata kama ni usiku wa manane. Na mkifika mtajeni nafthalini kabla hamjaulizwa, hata kama bibi ataona haya, kwa sababu daktari akimtazama mtoto hawezi kujua sanduku lilikuwa na nini.