Njaa ya Mfungo Tuivumilie, Kiu Tusijitafutie

Kila Kwaresima inapoanza swali lile lile huulizwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo: mtu aliyefunga akinywa maji, je, mfungo wake umevunjika? Wapo wanaojibu kwa sauti kubwa kwamba umevunjika. Matokeo yake tumeyaona sote Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba: mtu anashikwa na kizunguzungu, anakalishwa chini ya mti, anapepewa kwa kanga. Tunapenda kulizungumza jambo hili waziwazi, kwani linaumiza watu pasipo sababu.

Tuchukue mfano wa Kifaru, pale tambarare chini ya milima ya Upare, kandokando ya barabara kuu ya kutoka Moshi kwenda Same. Februari na Machi, ambayo mara nyingi ndiyo miezi ya Kwaresima, ni miezi ya jua kali, na ndiyo miezi ya kuandaa mashamba kungojea masika. Mtu wa Usangi au Ugweno, kule juu penye ubaridi, huenda akashinda bila maji asione taabu kubwa. Lakini mtu wa Kifaru aliyeshika jembe tangu saa moja asubuhi hupoteza maji mengi kwa jasho. Akifika saa tisa alasiri hajagusa kikombe, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, na mkojo wake umekuwa mchache na wa rangi nzito. Huo si utakatifu. Ni upungufu wa maji mwilini.

Kanisa halikudai hivyo

Mwaka 1966 Baba Mtakatifu Paulo VI alieleza sheria ya kufunga: mlo mmoja kamili kwa siku, bila kukatazwa kula chakula kidogo asubuhi na jioni. Siku za lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na sheria huwahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapotimiza 59. Maji hayamo katika katazo hilo. Anayefunga kila siku kwa siku zote arobaini anafanya hivyo kwa hiari yake, na ni jambo jema, lakini asijiwekee mzigo ambao hakuna aliyemwekea.

Hofu ya maji ina historia yake. Zamani aliyetaka kupokea Ekaristi hakuruhusiwa kuonja hata tone la maji tangu usiku wa manane. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliondoa katazo la maji, na mwaka 1964 Paulo VI akapunguza mfungo wa Ekaristi kuwa saa moja tu. Leo maji na dawa havivunji hata mfungo huo. Bado desturi ya wazee imebaki vichwani mwetu. Aidha, tunaishi na majirani zetu Waislamu, ambao katika Ramadhani hawanywi kitu mchana. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, kwa hiyo wengi walifunga bega kwa bega. Hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini kila mmoja ana utaratibu wake, na wao pia wana ruhusa kwa mgonjwa na msafiri. Hatuna haja ya kushindana.

Njaa huja na kuondoka

Njaa, kwa upande wake, ndiyo sehemu yenyewe ya kufunga, na hatuna budi kuijua tabia yake. Watu wengi hudhani kwamba njaa ikianza saa nne itazidi kupanda mpaka jioni. Sivyo. Tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo hupanda saa zile tulizozoea kula na kisha hushuka, hata kama hatukula. Aliyezoea chai saa nne atabanwa saa nne. Akivumilia kitambo kidogo, akanywa glasi ya maji na kuendelea na kazi yake, mara nyingi wimbi hilo hupita. Baada ya siku kadhaa mwili huanza kuzoea saa mpya.

Maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo mara nyingi hayatokani na njaa. Hutokana na kukosa maji, au na kuacha ghafla chai na kahawa tulizozoea. Mwenye mazoea ya vikombe vinne kwa siku apunguze kidogo kidogo wiki moja kabla ya kuanza.

Tunywe nini?

Kwanza ni maji, yaliyochemshwa au kutibiwa. Usingoje kiu ikubane, wala usinywe lita nzima kwa mkupuo. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na zaidi ukiwa juani. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa mwepesi na wa rangi ya kung'aa, unakunywa ya kutosha.

Pili, chai ya rangi au kahawa isiyo na sukari inafaa kwa mtu mwenye afya, kikombe kimoja au viwili. Mwenye vidonda vya tumbo aiache kahawa ya tumbo tupu. Tena chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Mwenye upungufu wa damu aiweke mbali na mlo kwa saa moja au zaidi.

Tatu ni soda, na hapa ndipo tunapojidanganya. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingekuwa bora isizidi 25. Anayekataa ugali mchana kutwa halafu akafungua kwa soda mbili na chai ya vijiko vinne amejinyima nini?

Nne ni pombe. Dengelua au bia juu ya tumbo lililoshinda tupu hulevya haraka, huongeza kukojoa, na huweza kushusha sukari ya damu hadi mtu akazimia. Katika hili hatuna maneno ya kupamba: siku ya mfungo, pombe iachwe.

Jioni ianze kwa maji au uji mwepesi, kisha chakula cha kawaida. Sisi Wapare tuna makande. Mahindi na maharage hukaa tumboni muda mrefu na kuchelewesha njaa ya kesho. Tuongeze mboga za majani, na perege wa Nyumba ya Mungu wakipatikana. Sahani iwe ile ile ya siku zote, isirundikwe kulipiza kisasi cha mchana.

Wasilazimishwe

Mama mjamzito, mama anyonyeshaye, watoto, wazee dhaifu na wagonjwa wasifunge chakula. Wao wanaweza kujinyima kwa njia nyingine. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi asianze kufunga kabla ya kuonana na mganga, maana dozi ile ile bila chakula inaweza kuangusha sukari. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho baridi na kuchanganyikiwa, au kipimo kikiwa chini ya 3.9, mfungo uishe hapo hapo: apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji ikiwa anaweza kumeza, kisha chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, bali akimbizwe hospitali. Mwenye shinikizo la damu anayemeza vidonge vya kukojoza naye aulize kwanza. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI zisirukwe hata siku moja.

Siku hizi wapo pia vijana wetu wanaofunga ili wapungue uzito, wakila kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu. Hatuwabezi. Ila mwaka 2022 madaktari wa Guangzhou, China, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wanene 139 kwa mwaka mzima. Wote walipunguza kiasi cha chakula, na nusu yao walibanwa pia kula ndani ya saa nane tu. Makundi yote mawili yalipungua, na hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Maana yake saa peke yake haifanyi muujiza. Kinachohesabika ni kile tunachokula na tunachokunywa.

Basi maoni yetu ni haya. Njaa ya mfungo tuipokee, kwa kuwa inatukumbusha jirani ambaye hula mara moja kwa siku si kwa hiari, bali kwa kukosa. Kiu isiyodaiwa na yeyote tusijitafutie. Na fedha ya soda tuliyoiacha isirudi mfukoni. Ivuke uzio, iende kwa jirani huyo. Wazazi, anzeni nyumbani: Ijumaa ijayo anayefunga awekewe mtungi wa maji na kikombe mahali pa wazi, na mtu yeyote asimwonee haya kwa kunywa.