Anayejaza flashi ndiye mlezi wa jioni

Msimu wa kahawa ukishafunguliwa na malipo ya vyama vya msingi yakaanza kuwafikia wakulima, maduka ya vifaa vya umeme ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro huchangamka. Kuna anayenunua mabati, kuna anayemaliza deni la ada. Kikibaki chochote, watoto wanakumbushia ahadi ya mwaka mzima: deki.

Siyo deki ya gharama. Ni ile nyembamba na nyepesi, ambayo jina lililoandikwa usoni hubadilika kila mwaka lakini umbo ni lilelile. Inasoma CD na DVD, ila wanunuzi wengi hawaulizi tena habari za sahani. Wanaulizia tundu la mbele la kuchomeka flashi, kwa sababu muvi za siku hizi hazinunuliwi kwenye kasha. Zinapakuliwa na kijana mwenye kompyuta pale senta, naye huziingiza kwenye flashi ya mteja.

Kwa familia nyingi za Karagwe na Kyerwa mpango huu una maana. King'amuzi kinadai malipo ya kila mwezi. Bando la simu huisha kabla ya muvi kufika nusu. Deki ikishanunuliwa haidai kitu, na haili umeme mwingi. Deki ya kawaida hutumia takribani wati 10, hivyo hata nyumba yenye sola na betri ya wastani inaweza kuiwasha kwa saa mbili bila taa kuzimika, ilimradi TV iwe ndogo ya kisasa na si ile ya chogo inayokula umeme mara kadhaa zaidi.

Ipo pia sababu ambayo wazazi huitaja kwa sauti ya chini: kibanda umiza. Mtoto wa miaka 12 anayetoroka usiku kwenda kuangalia muvi senta huku akipita kwenye vibanja gizani humnyima mama yake usingizi. Afadhali aangalie nyumbani.

Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kibanda kinaweza kuhamia sebuleni bila mzazi kujua, kikiwa ndani ya flashi.

Kwa nini muvi nyingine inagoma

Lalamiko la kwanza la wenye deki ni kwamba muvi iliyocheza vizuri kwenye simu inagoma kwenye deki. Wengine huirudisha dukani wakidhani ni mbovu.

Mara nyingi si mbovu. Faili la video ni kama chakula kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Herufi za mwisho wa jina lake, yaani AVI, MP4 au MKV, ni jani tu. Kilichomo ndani ni picha na sauti zilizobanwa kwa mtindo fulani, na deki lazima iwe inaujua mtindo huo ndipo iweze kuzifungua.

Deki za bei nafuu nyingi zinaelewa mitindo ya zamani: ile ya VCD na DVD, pamoja na ile inayojulikana kwa majina ya DivX na Xvid, iliyovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Video za simu na zinazopakuliwa mtandaoni leo kwa kawaida zimebanwa kwa mtindo mpya zaidi uitwao H.264 au H.265. Ndiyo maana deki hutoa sauti bila picha, au huandika kwamba faili halifunguki.

Sababu nyingine ni flashi yenyewe. Deki nyingi husoma flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 tu, na mfumo huo haubebi faili moja linalozidi GB 4. Kwa hiyo kabla ya kulipa dukani, mnunuzi achomeke flashi yake mwenyewe yenye faili za aina tatu au nne na kuzijaribu papo hapo. Zikigoma, kijana wa kompyuta anaweza kuzibadilisha kwa programu kama Format Factory kwenda AVI ya Xvid. Muvi ya saa moja na nusu ikibadilishwa hivyo huwa na takribani MB 700, na flashi ya GB 8 itabeba kama 10.

Hapo ndipo swali la malezi linapoanzia. Muvi 10 zimechaguliwa na nani?

Namba ya siri isiyolinda

Mteja anayefika na flashi tupu mara nyingi husema, "Niwekee muvi kali." Kijana, ambaye ana foleni ya wateja, hanakili muvi moja moja. Anabeba folda nzima na kuimwaga. Ndani yake kunaweza kuwa na katuni, ngumi, vita, Bongo Movie, nyimbo za injili na video za watu wazima, zote zikiwa zimepangwa kwa herufi za mwanzo.

Mtoto anapowasha deki, orodha hiyo yote inatokea kwenye TV. Hahitaji kujua kusoma. Anabonyeza rimoti kushuka chini, anabonyeza tena, inafunguka.

Wapo wazazi wanaojua kwamba deki ina sehemu ya kuweka namba ya siri kwa ajili ya watoto, na wakishaiweka wanalala usingizi. Kinga hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya DVD halisi, ambazo mtengenezaji anaweza kuziwekea alama ya umri ndani ya sahani yenyewe. Deki husoma alama hiyo na kuizuia. Faili la flashi halina alama. Namba ya siri hata iwe ngumu namna gani, faili litacheza.

Vilevile, Bodi ya Filamu Tanzania hukagua filamu na kuzipangia umri wa watazamaji, lakini muvi iliyopakuliwa na kunakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta haifiki sebuleni ikiwa na maelezo hayo. Kunakili kazi ya mtu bila ruhusa yake ni kinyume cha sheria ya hakimiliki, na mzazi anayeshangilia muvi 10 kwa bei ya soda anapaswa kulijua hilo pia.

Kuna jambo jingine la ukanda huu. Muvi nyingi za nje zinazotazamwa hapa zimetafsiriwa kwa sauti. Tanzania ilimjua Captain Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na ng'ambo ya Mto Kagera akina VJ Jingo wa Uganda wanatafsiri kwa Kiganda, lugha ambayo baadhi ya watu wa Murongo na Kaisho wanaielewa. Mtafsiri hodari hatafsiri tu. Anatania, anaongeza vichekesho, anawapa wahusika majina ya mtaani. Bibi aliyeko jikoni anayesikia watoto wakicheka anaweza kudhani ni katuni, kumbe kwenye TV mtu anachinjwa.

Kwa umri gani, kwa muda gani

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2019. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hashauriwi kukalishwa mbele ya TV kabisa. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na kucheza kwa kutumia mwili kwa jumla ya saa tatu.

Hesabu ni rahisi. Muvi moja ya saa mbili inamaliza kipimo cha siku mbili cha mtoto wa miaka mitatu. Ikianza saa mbili usiku, itamalizika saa nne, na shule ya awali inamsubiri asubuhi.

Katika hili deki ina sifa moja ambayo simu haina: ina mwisho. Muvi ikiisha, imeisha. Simu yenye bando huleta video nyingine kabla ya ile ya kwanza kumalizika, na mtoto huiangalia akiwa peke yake chini ya blanketi. TV ya sebuleni inaonwa na kila apitaye. Mzazi anayelazimika kuchagua kati ya kumpa mtoto simu na kumwashia deki, deki ndiyo iliyo rahisi kusimamiwa.

Ila usimamizi si kuwapo chumba cha pili. Mtoto mdogo haelewi kila anachokiona. Anayekaa naye na kumuuliza "Huyu amefanya nini?" au kumweleza kwa Kinyambo au Kihaya kilichosemwa kwa Kiswahili, anaifanya saa hiyo moja kuwa ya mazungumzo.

Majirani nao watakuja, ni kawaida. Watoto 20 wakijazana kwenye chumba kimoja, madirisha yafunguliwe hata kama mwanga unasumbua picha. Kifua kikuu na mafua husambaa kwa urahisi kwenye chumba kilichofungwa chenye watu wengi.

Betri ndogo, hatari kubwa

Rimoti za baadhi ya deki ndogo hutumia betri bapa ya duara inayofanana na sarafu. Mtoto akiimeza na ikanasa kwenye koo la chakula, huanza kuunguza nyama kwa kemikali na inaweza kutoboa ndani ya saa mbili tu. Hata betri iliyokwisha nguvu ina uwezo huo.

Dalili zinaweza kufanana na ugonjwa wa kawaida: mate kutoka kwa wingi, kukataa kula, kukohoa, kutapika, kulia akimeza. Wakati mwingine hakuna dalili kabisa. Mzazi anayehisi betri imemezwa asisubiri asubuhi na asimtapishe mtoto. Aende moja kwa moja hospitali yenye eksirei, kwa sababu zahanati ya kijiji haina njia ya kuiona betri ilipo. Wataalamu wa sumu nchini Marekani wanashauri mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, na ambaye bado anaweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 akiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza kasi ya kuungua, haitibu, na safari isicheleweshwe kwa kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali.

Kabla ya hayo yote, kifuniko cha rimoti kifungwe kwa gundi ya karatasi imara na betri kuukuu zisiachwe dirishani.

TV ya chogo nayo ni nzito, na uzito wake mwingi uko mbele kwenye kioo. Ikiwekwa juu ya kimeza chenye kitambaa kinachoning'inia, mtoto akikivuta, TV inamwangukia. Ikae kwenye meza pana, isogezwe hadi ukutani, na nyaya zifungwe nyuma. Betri ya sola yenye maji ya tindikali isikae chini ya kitanda wala sebuleni mahali mtoto anapotambaa.

Flashi mbili

Dawa ya namba ya siri isiyofanya kazi ni flashi mbili. Moja ya watu wazima, inayokaa kwenye sanduku pamoja na vyeti. Nyingine ya watoto, ya rangi tofauti, ambayo hakuna faili linaloingia humo bila mzazi kuliona.

Mzazi anayekwenda senta asiache flashi na kurudi jioni. Akae, asome majina kwenye kompyuta, aombe kilichochaguliwa tu. Akifika nyumbani aichomeke mwenyewe, watoto wakiwa shuleni, na kurukaruka ndani ya kila faili: mwanzo, katikati, mwisho. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Na vya kuweka vipo. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam hutengeneza "Akili and Me" kwa watoto wadogo na "Ubongo Kids" kwa wakubwa kidogo, kwa Kiswahili, wakijifunza herufi, hesabu na sayansi. Kwa mama mwenye kichanga, Global Health Media Project ina video za Kiswahili zinazoonyesha jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi. Kwa baba mwenye shamba, Access Agriculture ina video za kilimo zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Taasisi hizi mbili za mwisho huruhusu video zao kupakuliwa bure, na zikishaingia kwenye flashi hazidai bando tena.

Deki inunuliwe na fedha iliyokwishaingia mkononi. Kahawa iliyo bado kwenye maua isiuzwe butura ili sebule ing'ae Desemba, kisha Januari mtoto akose sare. Familia iliyosubiri msimu imesubiri vizuri, na ikishanunua, ikubaliane siku ileile nani anakwenda kujaza flashi, nani anaikagua, na saa ngapi TV inazimwa.